Keki ya chokoleti nyumbani: mwongozo kamili kwa waliochoka kuoka tofali

Jumapili moja jioni mpwa wangu alinipigia simu, sauti iko chini.

"Shikamoo shangazi. Keki imekuwa tofali tena."

"Marahaba mwanangu. Rojo lilikuwaje?"

"Lilikuwa jepesi kama uji, nikaliongezea unga kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Kimya. Halafu: "Kikombe kimoja."

Basi kesi ikaishia hapo. Wengi wetu tulijifunzia kuoka kwenye keki ya siagi, ile ya kupiga siagi na sukari mpaka mkono ufe ganzi, ambayo rojo lake hudondoka kwa mabonge. Keki ya chokoleti ya mafuta haiko hivyo. Rojo lake ni jepesi kweli, linamiminika kama uji wa mgonjwa, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Ukiliongezea unga ili lifanane na lile ulilolizoea, umeshaiharibu keki kabla haijaona moto.

Soma mwongozo huu mpaka mwisho kabla hujavunja yai hata moja. Nimeweka njia ya oveni na ya jiko la mkaa, kwa sababu naoka kwa zote mbili.

## Mahitaji

Vipimo hivi vinatoa tabaka mbili kwenye vyombo vya duara vyenye upana wa sentimita 20 (inchi 8) na kina kisichopungua sentimita 5. Watu kumi na wawili watakula na kuridhika.

Vikavu
- Unga wa ngano mweupe, gramu 220
- Sukari, gramu 350
- Unga wa kakao usio na sukari, gramu 70
- Bekingi soda, kijiko 1 cha chai
- Bekingi pauda, kijiko 1½ cha chai
- Chumvi laini, nusu kijiko cha chai

Majimaji
- Mayai makubwa 2
- Mtindi usio na sukari wala ladha, mililita 240
- Mafuta ya kula yasiyo na harufu, mililita 120
- Vanila, vijiko 2 vya chai
- Kahawa nyeusi ya moto, mililita 240

Ya kujaza na kupaka
- Chokoleti nyeusi, gramu 300
- Krimu nzito, mililita 300
- Siagi, kijiko 1 cha chakula

Vifaa: mizani, chekeche, bakuli kubwa mbili, mchapo wa kupigia mayai, mwiko, karatasi ya kuokea, kijiti cha meno. Mashine ya kuchanganyia huihitaji. Ukiwa nayo, iache kabatini.

### Maneno machache kuhusu mahitaji hayo

Kakao. Hapa wengi huanguka bila kujua. Unga wa chokoleti ya kunywa, ule wa kutia kwenye maziwa ya watoto, si kakao. Sehemu kubwa ya kopo lile ni sukari. Keki yake hutoka rangi ya chai ya maziwa, tamu kupita kiasi, na chokoleti huisikii. Geuza kopo usome: kinachotakiwa kuandikwa ni kakao peke yake. Ukiona E501 au potasiamu kaboneti, hiyo ni kakao iliyopunguzwa uchachu. Ni nyeusi zaidi na ladha yake ni ya upole. Zote mbili zinafaa hapa, maana mtindi upo wa kuiamsha soda.

Bekingi soda na bekingi pauda ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakishiki nafasi ya kingine kijiko kwa kijiko. Soda ina nguvu zaidi na lazima ikutane na kitu chachu. Pauda ina uchachu wake ndani tayari. Na tafadhali, magadi ya mawe ya kulainishia maharage yasiingie humu. Yatakupa keki yenye ladha ya sabuni.

Zipime kabla ya kuanza. Tia pauda kidogo kwenye maji ya moto, na soda kidogo kwenye maji ya limau. Zote zitoe povu papo hapo. Zikinyamaza, zimekufa, na hakuna ufundi utakaozifufua.

Unga. Usitumie ule unaoumuka wenyewe, kwa sababu tayari una pauda ndani na kipimo kitazidi. Kama unga ulionao ni ule mgumu wa mikate, ondoa vijiko viwili vya chakula, weka badala yake vijiko viwili vya wanga mweupe wa mahindi, ule wa kupikia kastadi.

Mayai. Ya kienyeji ni madogo, weka matatu. Vunja kila moja kwenye kikombe cha pembeni kwanza. Anayedharau hili hukutana na yai viza siku ya wageni.

Mafuta. Alizeti iliyosafishwa ni nzuri. Ile ya kukamua mashineni mtaani, ya Singida na kwingineko, ninaipenda sana kwenye mboga, lakini harufu yake itapigana na chokoleti na itashinda. Na usibadilishe mafuta kwa siagi ukidhani unaiheshimu keki. Siagi huganda keki ikipoa, mafuta hayagandi. Ndiyo maana keki hii hubaki laini hata siku ya tatu.

Mtindi. Kenya wanauita mala. Ukiukosa, chukua maziwa mililita 225, kamulia kijiko kimoja cha chakula cha limau, acha dakika kumi yakatike. Yoghati ya stroberi haifai.

Kahawa. Haitasikika kama kahawa, inaongeza tu uzito wa chokoleti. Kijiko kimoja na nusu cha chai cha kahawa ya kuyeyuka kwenye maji yaliyochemka kinatosha. Majirani zangu Wasabato huwa nawawekea maji ya moto matupu, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani.

## Kabla ya yote: pima kwa mizani

Kikombe cha chai cha nyumbani kwako na cha kwangu havilingani. Hata ukiwa na kikombe rasmi cha mililita 240, unga ukiumwaga polepole unapata kama gramu 120, ukiuchota kwa kushindilia unapita 150. Kwenye keki nzima tofauti hiyo inafika gramu 50 au zaidi, na kwa keki hii hiyo ndiyo tofauti ya laini na kavu. Mizani ndogo ya jikoni ukiinunua mara moja umemaliza.

Vijiko vya soda na pauda viwe vya kupimia, na juu visawazishwe kwa kisu. Kijiko kilichorundikwa mlima si kijiko kimoja.

## Kama unaishi nyanda za juu

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400. Huko hewa ni nyepesi, kwa hiyo mapovu ndani ya keki hutanuka kupita kiasi. Keki hupanda kwa kasi kabla haijapata nguvu ya kujishika, kisha huzama katikati. Watu wa Mbeya, Njombe na Eldoret wanaofuata vipimo vya pwani huishia kulaumu oveni bure.

Kwa yeyote aliye juu ya mita 1,000 hivi: soda iwe robo tatu ya kijiko cha chai, pauda kijiko 1, sukari punguza gramu 25, na moto ongeza nyuzi 10. Mengine yabaki yalivyo.

## Hatua ya 1: Andaa vyombo na moto

Paka vyombo mafuta kidogo, tandika karatasi ya kuokea chini, kisha nyunyiza kakao pembeni na ukung'ute inayozidi. Kakao, si unga wa ngano: unga huacha madoa meupe kwenye keki nyeusi. Usitandike gazeti wala karatasi ya daftari, wino hautakiwi kwenye chakula.

Washa oveni nyuzi 175 za Selsiasi, moto wa juu na chini, dakika 20 kabla. Ikiwa na feni, weka 160. Oveni za gesi zenye namba, weka namba 4.

Tatizo ni kwamba vitufe vya oveni nyingi hudanganya. Kama huna kipimajoto, kuna njia ya zamani: sukari huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko cha sukari kwenye kipande cha karatasi ya aluminiamu ndani ya oveni uliyoiweka 175. Baada ya robo saa iwe bado chembechembe. Ikiwa imeyeyuka, oveni yako ina moto kuliko inavyosema, punguza. Kisha panda mpaka 190 ujaribu na sukari nyingine. Hapo iyeyuke. Isipoyeyuka, oveni yako ni mvivu, uipandishe kila unapooka. Fanya jaribio hili siku ambayo huoki, uandike matokeo kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Wa oveni ya umeme: angalia uniti za LUKU. Si utani.

## Hatua ya 2: Loweka kakao kwenye kahawa ya moto

Weka kakao kwenye bakuli, mimina kahawa inayotoka moshi kidogokidogo huku ukikoroga mpaka upate uji mweusi unaong'aa usio na madonge. Moto huamsha harufu ya kakao iliyojificha kwenye mafuta yake. Ukiitia kavu pamoja na unga, keki itaiva, lakini ladha itakuwa ya mbali.

Acha ipoe mpaka uweze kutumbukiza kidole na kukiacha humo bila kukitoa mbio. Ikiingia ya moto sana kwenye mayai, utaona nyuzi nyeupe zinaelea. Hayo ni mayai yaliyoiva.

## Hatua ya 3: Chekecha vikavu

Unga, soda, pauda na chumvi vipite pamoja kwenye chekeche, mara mbili. Soda huwa na vidonge vidogo vigumu. Kimoja kikipona, atakayekipata mdomoni atakikumbuka.

Sukari haiingii hapa. Subiri.

## Hatua ya 4: Changanya majimaji na sukari

Kwenye bakuli kubwa piga mayai, sukari, mafuta, mtindi na vanila kwa mchapo, dakika mbili hivi. Kisha acha bakuli likae dakika kumi, na upige tena kidogo.

Kwa nini kukaa? Sukari yetu ya kawaida, hasa ile ya rangi ya kahawia, ina chembe kubwa. Isipopata muda wa kuyeyuka hushuka chini ya chombo na kuacha keki yenye madoadoa na kitako kinachonata. Sugua tone kati ya vidole viwili: ukisikia mchanga, subiri zaidi.

Mayai na mtindi visiwe vimetoka kwenye friji sasa hivi. Vya baridi hupunguza kasi ya kuiva katikati, pembeni pakaendelea kukauka.

## Hatua ya 5: Unganisha, na usiogope wepesi wake

Mimina uji wa kakao kwenye majimaji, koroga. Kisha ongeza vikavu kwa mara tatu, ukikoroga kwa mchapo taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Unga ukishapotea machoni, acha. Vidonge viwili vitatu vidogo havina neno. Ukiendelea kupiga, unga wa ngano huanza kuvutika kama wa chapati, na keki inakuwa ngumu yenye mashimo marefu kama njia za mchwa.

Sasa inua mchapo. Rojo litiririke kama utepe mwembamba, lizame ndani ya bakuli na alama yake ipotee baada ya sekunde moja au mbili. Juu utaona mapovu madogo yakipasuka. Soda imeshaanza kazi.

Mkono utakuwasha kuongeza unga. Uweke mfukoni. Maji haya mengi yana kazi: unga na kakao vitayanywa ndani ya oveni, na mvuke wake utaisaidia keki kupanda. Kakao hunywa maji kuliko unga. Ndiyo maana keki ya vanila inavumilia rojo zito na hii haivumilii.

Gawa rojo sawa kwenye vyombo viwili, kwa mizani ikiwezekana. Lisifike nusu ya kina cha chombo. Gonga kila chombo mara mbili mezani ili mapovu makubwa yatoke, kisha moja kwa moja kwenye moto. Soda haisubiri mtu apokee simu.

## Hatua ya 6: Kuoka

### Kwenye oveni

Vyombo vyote viwili vikae rafu ya katikati, visigusane wala kugusa ukuta. Dakika 30 mpaka 38.

Dakika 25 za kwanza mlango ni haramu. Keki wakati huo ni povu lililosimama kwa hewa ya moto peke yake, ukuta wake haujashika. Ukifungua, hewa ya baridi inaingia, povu linasinyaa, na katikati panazama pasirudi tena. Kama oveni yako haina taa, washa tochi ya simu na uchungulie kwa kioo.

Umeme ukikatika? Usifungue. Oveni hubaki na joto kwa muda. Umeme ukirudi ndani ya dakika kumi, ongeza muda na uendelee. Ukichelewa zaidi ya hapo, keki itakuwa ya kula na chai kimyakimya, si ya kupambwa.

### Kwenye jiko la mkaa

Huku ndiko nilikojifunzia, kwa mama, moto juu na chini. Keki yake si duni hata kidogo. Ila ina sheria zake.

Tafuta sufuria kubwa yenye mfuniko bapa unaobana. Ndani tandaza mchanga mkavu, unene wa vidole viwili, au weka duara la chuma la kukalishia chombo. Usitumie mawe ya mtoni: yakiwa na maji ndani hupasuka yakipata moto. Funika, pasha dakika 15 kwenye mkaa ulioshika vizuri, wenye majivu mepesi juu yake. Mkaa unaotoa ulimi wa moto bado haujawa tayari.

Kisha ondoa mkaa mwingi chini, ubaki kama kiganja kimoja umetawanywa pembeni, katikati pawe wazi. Tia chombo cha keki, funika, na juu ya mfuniko weka viganja viwili vya mkaa, tena pembeni zaidi kuliko katikati. Joto la chini hupanda lenyewe. La juu lazima lisaidiwe, ndiyo maana mkaa wa juu ni mwingi. Wanaounguza kitako huku juu ni mbichi wamefanya kinyume chake.

Muda ni dakika 45 mpaka 60. Baada ya nusu saa ongeza mkaa mmoja mmoja juu ukiona umefifia. Ukifunua kuangalia, inua mfuniko wima kwa koleo, usiuinamishe, majivu yakaingia ndani.

Sufuria moja huchukua chombo kimoja, kwa hiyo usichanganye rojo lote kwa pamoja. Pima vikavu kwenye bakuli mbili, changanya nusu, oka, kisha changanya nusu nyingine. Rojo lililokaa saa nzima limeshapoteza mapovu yake.

Na hili nalisema kwa uzito: jiko la mkaa likae nje au kibarazani penye upepo. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua kimeua watu.

### Utajuaje imeiva

Chomeka kijiti katikati. Kikitoka na majimaji, bado. Kikitoka na chembe mbili tatu zilizolowana zimeshikilia, toa sasa hivi. Kikitoka kikavu kabisa umechelewa dakika mbili au tatu, na kwa keki hii hizo ni nyingi.

Ishara nyingine: kingo zimeanza kuachana na chombo, na ukibonyeza katikati kwa kidole pananyanyuka tena. Rangi haikusaidii. Keki ya chokoleti ni nyeusi ikiwa mbichi, ni nyeusi ikiwa imeungua.

## Hatua ya 7: Kupoza

Acha kwenye chombo dakika 15. Mapema kuliko hapo itakatika, ukichelewa sana kitako kitaloa kwa mvuke wake. Pitisha kisu pembeni, pindua juu ya waya, bandua karatasi.

Kisha iache ipoe kabisa, saa mbili. Shika kitako kwa kiganja: kama kuna uvuguvugu wowote, bado. Nimewahi kuipaka chokoleti keki yenye uvuguvugu, nina haraka, wageni wako getini. Tabaka la juu liliteleza polepole mbele ya macho yangu mpaka likafika mezani. Tulikula kwa vijiko.

Ukitaka kurahisisha mambo, ifunge tabaka moja moja kwenye nailoni ya chakula, weka kwenye friji usiku mzima. Kesho yake inakatika vizuri bila kumeguka.

## Hatua ya 8: Ganashi

Hii ndiyo inayoifanya keki iwe ya anasa. Ni chokoleti na krimu tu, lakini inadai chokoleti ya kweli. Soma nyuma ya paketi: iwe na siagi ya kakao. Zile za bei nafuu zinazotengenezwa kwa mafuta ya mawese huyeyuka vizuri, lakini huacha utando wa mafuta kwenye ulimi.

Katakata chokoleti vipande vidogo kama punje za mahindi, weka kwenye bakuli kavu kabisa. Pasha krimu kwa moto mdogo mpaka pembeni mwa sufuria paanze kutoa mapovu madogo. Usiichemshe ikafura. Imimine juu ya chokoleti, funika kwa sahani, hesabu dakika tatu bila kugusa. Tia siagi, kisha anza kukoroga katikati, miduara midogo, ukipanuka taratibu. Mwanzoni itaonekana imekatika na kuchafuka. Endelea. Ghafla itashikana na kung'aa kama viatu vya askari wa gwaride.

Iache mezani saa moja mpaka mbili, ikorogwe mara mojamoja, hadi ifikie uzito wa siagi ya karanga. Hapo ndipo inapakika.

Dar, Tanga, Mombasa, Unguja na popote penye joto, krimu punguza iwe mililita 220, la sivyo itabaki inatiririka mpaka kesho.

Ikikatika na mafuta kuelea juu, ongeza kijiko kimoja cha maziwa ya uvuguvugu na ukoroge kwa nguvu. Mara nyingi hurudi. Kama krimu haipatikani ulipo, tumia maziwa mazima mililita 150 na siagi gramu 60 kwa chokoleti ileile gramu 300. Haina utajiri ule, lakini haiaibishi.

## Hatua ya 9: Kupanga na kupaka

Kata vilele kwa kisu cha mkate ili tabaka ziwe bapa. Weka ya kwanza kwenye sahani, tandaza theluthi moja ya ganashi, ishie sentimita moja kabla ya ukingo. Weka ya pili juu, upande uliokatwa uangalie chini. Paka utando mwembamba kila mahali ili makombo yanaswe, tia kwenye friji dakika 20, kisha paka iliyobaki. Mgongo wa kijiko ukiuzungusha juu unatosha kwa urembo.

## Ikiharibika, mwangalie nani?

Imezama katikati: kwanza mlango uliofunguliwa, pili soda au pauda iliyozidi, tatu ulitoa mapema. Kwa anayeishi nyanda za juu, anza na hiyo ya pili.

Imepasuka juu na kufanya kilima kirefu: moto mkali. Kingo zilishika mbio, katikati pakakosa pa kwenda isipokuwa juu. Punguza nyuzi 15 siku nyingine. Ukishakata kilele, hakuna atakayejua.

Kavu: uliongeza unga, au ulichelewa kuitoa. Ya kuchelewa inaokoleka. Chemsha shira nyepesi, maji gramu 100 na sukari gramu 100, ipoe, inyunyize juu ya tabaka kwa kijiko kabla ya kupaka. Ya unga haiokoleki.

Utando mzito kama ugali chini: rojo lilikaa muda mrefu kabla ya kuokwa, soda na pauda zilikuwa zimekufa, au moto wa chini ulikuwa hafifu.

Ladha ya sabuni: soda imezidi, au mtindi ulisahaulika.

## Kuhifadhi na kukata

Kwenye baridi ya Lushoto au Limuru keki hii hukaa mezani siku mbili, imefunikwa. Pwani iweke kwenye friji kwa sababu ya krimu, na uitoe saa moja kabla ya kula. Ikiliwa ya baridi inaonekana nzito kuliko ilivyo.

Kisu kichovye kwenye maji ya moto, kifute, kata. Kila kipande, chovya tena ufute tena.

Vile vilele ulivyokata usivitupe. Vivunje, vikande pamoja na ganashi iliyoganda kwenye bakuli, viringisha vidonge vya ukubwa wa kaimati, galagaza kwenye kakao, weka kwenye friji. Kwangu havijawahi kufika kwenye friji.